Apatimenti za kifahari Upanga: shuka basementi kabla hujapanda kuona bahari

Dalali akikupeleka kuona apatimenti ya kifahari Upanga, Dar es Salaam, anakupandisha juu moja kwa moja. Mlango unafunguliwa, sebule ina vigae vinavyong'aa, dari ya jipsamu ina taa zilizofichwa, jiko lina kaunta ya graniti, na ukitoka barazani unaonyeshwa kipande cha bahari. Vyote hivyo ni vizuri, na kusema kweli majengo mapya ya Upanga yanavifanya vizuri kuliko yale ya miaka kumi na mitano iliyopita. Ila siri ya jengo linalostahili kodi yake unaikuta kwenye tenki la chini, chumba cha pampu, chumba cha jenereta na daftari la sevisi chaji, ada ya kuendesha jengo. Kwa hiyo tathmini hii inaanzia huko. Bahari inaweza kusubiri.

Kwanza eneo lenyewe, maana hapo Upanga haina mpinzani ndani ya jiji. Hospitali za Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, MOI (ya mifupa), Aga Khan na Regency zote ziko kwa mwendo wa dakika chache. Kwa familia yenye mzee mwenye presha au mtoto mwenye pumu, hilo pekee linatosha kuihesabu Upanga mbele ya Mbezi Beach. Shule ziko za kutosha: Azania, Jangwani, Tambaza, Zanaki, Shaaban Robert. Posta unafika kwa bajaji kabla hujamaliza simu moja. Mwendokasi unaupandia kituo cha Fire kwenye Barabara ya Morogoro, na treni ya SGR ya kwenda Morogoro na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024, inaondokea kilomita chache tu kutoka hapo. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022, anayefanya kazi Masaki au Oysterbay anatoka upande wa Aga Khan na kutokea Coco Beach bila kusota kwenye foleni ya Salenda. Jioni ukitaka kababu, mishkaki au chai ya maziwa, Kisutu na mitaa ya Uhindini iko karibu. Ukitaka mboga na samaki wa asubuhi, kuna Soko la Kisutu na Feri.

Upanga ya zamani ilikuwa ya nyumba fupi zenye baraza pana na miembe uani. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana hadi leo wazee husema "nyumba za Msajili". Shirika likaja kuingia ubia na wawekezaji binafsi: shirika linatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha, ghorofa likisimama wanagawana fleti. Historia hii ina faida kwa mpangaji na mnunuzi wa leo. Jengo la ubia lina pande mbili za wamiliki, na kabla hujasaini unatakiwa kujua fleti yako ipo fungu la nani, kwa sababu huyo ndiye atakayetengeneza bomba likipasuka.

Maji

Fanya hesabu ndogo. Ghorofa kumi zenye fleti nne kila moja ni fleti 40. Ukiweka watu wanne kwa fleti, ni watu 160. Kila mtu akitumia lita 120 kwa siku, kiasi ambacho si kikubwa kwa nyumba yenye mashine ya kufulia na mabafu matatu, jengo linamaliza lita 19,200 kwa siku. Tenki la lita 20,000 basi ni akiba ya siku moja. Oktoba na Novemba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikaweka mgao, majengo yenye akiba ya siku moja yaliishi kwa maboza. Na boza la lita 10,000 katika jengo la watu 160 ni nusu siku tu. Jengo linalojiita la kifahari lisishuke chini ya akiba ya siku tatu, yaani lita 60,000 kwa mfano huu, tenki la chini na la juu kwa pamoja. Uliza ukubwa wa tenki la chini, kisha omba kufunuliwa mfuniko. Mlinzi akisema ufunguo anao meneja, na meneja hapatikani siku zote mbili unazokwenda, hesabu hilo kama jibu.

Suala la pili ni maji yanatoka wapi. Majengo mengi yamechimba kisima ili kuziba pengo la DAWASA, lakini karibu na bahari maji ya chini yana chumvi. Chumvi haikai kwenye ladha peke yake. Inakula elementi ya hita, inaziba matundu ya bomba la mvua, inaacha utando mweupe kwenye vioo vya bafu, sabuni inagoma kutoa povu na mabomba ya chuma yanatoboka. Kipimo kidogo cha chumvichumvi ya maji, cha kushika mkononi, kinapatikana madukani kwa bei nafuu. Chovya kwenye maji ya bomba la jiko. Kikisoma mamia ya ppm (miligramu za chumvi kwa lita), sawa. Kikivuka 1,000, huenda jengo linachanganya kisima, na utalipia hita mpya na mafundi mara kwa mara. Baadhi ya majengo yana laini mbili, kisima kwa vyoo na DAWASA kwa jiko na bafu. Huo ndio mpango bora, na ni sababu ya kweli ya kulipa zaidi.

Tatu, presha. Hapa watu wengi huchanganyikiwa, wakidhani fleti ya juu kabisa ndiyo bora kwa kila kitu. Tenki la juu hushusha maji kwa uzito wake, na kila mita kumi za kimo hutoa presha ya takribani bar 1. Fleti ya ghorofa ya chini kabisa katika jengo la mita 30 inapata karibu bar 3, maji yanatoka kwa nguvu. Ya juu kabisa, iliyo mita tatu au nne chini ya tenki, inapata bar 0.3 hadi 0.4 tu. Kwa presha hiyo bafu linadondosha matone, na hita za papo kwa papo hazishiki moto kabisa. Dawa yake ni pampu ndogo ya kusukuma inayohudumia ghorofa mbili au tatu za juu. Uliza kama ipo na kama imeunganishwa kwenye jenereta. Kwa upande wa pili, fleti za chini zenye presha kubwa hupasua hozi nyembamba zilizo chini ya sinki na nyuma ya choo. Ukihamia huko, badilisha hozi za bei rahisi mapema, na ukisafiri funga valvu kuu.

Kwenye chumba cha pampu unataka kuona pampu mbili zinazopokezana. Pampu moja ikiungua Ijumaa jioni, jengo zima linabeba ndoo hadi Jumatatu. Pampu nyingi huungua kwa sababu boya la tenki la chini limenasa na pampu ikazunguka bila maji. Uliza pia tenki lilisafishwa lini mara ya mwisho. Miezi sita ni muda mzuri. Jengo jipya ambalo halijawahi kusafishwa tenki tangu mafundi waondoke bado lina vumbi la saruji chini.

Umeme na jenereta

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 uliyachambua majengo kuliko tangazo lolote. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ianze kuingia kwenye gridi mwaka 2024, uzalishaji si tatizo kubwa tena. Umeme bado hukatika, kwa transfoma, nyaya na matengenezo. Jenereta linabaki kuwa la lazima, na maswali yake ni manne.

Linabeba nini? Kuna majenereta yanayobeba lifti, pampu na taa za ngazi tu. Mengine hubeba pia taa na soketi za ndani, yakiacha viyoyozi na hita. Machache hubeba kila kitu. Madalali huyaita yote "full jenereta". Njia ya uhakika ni kuomba swichi kuu ya TANESCO ya jengo ishushwe kwa dakika tano ukiwa ndani ya fleti, kisha uwashe AC. Mwenye jengo anayejiamini hatakataa.

Linawaka lenyewe? Jengo zuri lina swichi inayohamisha umeme yenyewe ndani ya sekunde chache. Pasipo hiyo, mlinzi wa usiku ndiye anayekimbia kuwasha, na aliye ndani ya lifti anasubiri gizani.

Nani analipia dizeli? Hili ndilo linalovunja undugu kwenye majengo. Jenereta la kVA 200 likibeba mzigo wa robo tatu hunywa lita 35 hivi kwa saa. Ukikadiria dizeli kwa shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 105,000 kwa saa. Umeme ukikatika saa sita kwa siku, ni 630,000 kwa siku, ambazo zikigawanywa kwa fleti 40 ni 15,750 kwa kila fleti. Mwezi mmoja wa hali hiyo ni zaidi ya shilingi 470,000 juu ya kodi. Kama mkataba unasema dizeli imo ndani ya sevisi chaji bila kikomo, soma vizuri, kwa sababu mara nyingi kuna mstari unaoruhusu meneja kuongeza. Mpango wa haki zaidi ni mita inayotenganisha uniti za jenereta na za TANESCO kwa kila fleti.

Bomba la moshi linaelekea wapi? Fleti za ghorofa ya pili na ya tatu juu ya chumba cha jenereta hupata kelele, mtikisiko na masizi kwenye mapazia. Usizichukue hata zikipunguzwa bei.

Kuhusu bili yenyewe, hakikisha fleti ina mita yake ya LUKU iliyosajiliwa TANESCO. Bei ya matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT na tozo inafika karibu 356. Majengo yenye transfoma yake huuza uniti kwa mita za ndani, na hapo unaweza kukuta bei kubwa zaidi. Uliza kwa nini, na uombe hesabu kwa maandishi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 cha inveta hutumia uniti tatu hadi tano kwa usiku wa saa nane, na cha kawaida tano hadi nane. Vyumba vitatu vya kulala kwa uniti tano kila kimoja ni uniti 450 kwa mwezi, yaani kama shilingi 160,000 kwa AC za usiku peke yake. Kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021. Ni mzigo wa mwenye nyumba, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kwamba atakurudishia au itapunguzwa kwenye kodi ya pango.

Lifti, moto na nguzo

Fleti 40 zinahitaji lifti mbili, na angalau moja iwe ya kilo 1,000, ya watu 13. Lifti ya kilo 630, ya watu wanane, haiingizi sofa ndefu wala godoro la sita kwa sita bila kulikunja, na mgonjwa wa machela ndani yake ni tabu tupu. Kinachoua lifti za Dar ni mambo matatu: umeme unaopanda na kushuka ukaunguza bodi ya kuendeshea, mchanga wa mafundi wanaokarabati fleti ukaingia kwenye reli za milango, na jengo kuacha kulipia huduma ya kila mwezi. Omba kuona daftari la fundi wa lifti. Likiwa na mihuri ya kila mwezi, jengo lina uongozi. Uliza pia umeme ukikatika lifti inajishusha yenyewe hadi mlango wa karibu au inabaki ilipo.

Zimamoto wana kituo hapo hapo kwenye makutano ya Fire, jambo jema, lakini gari lao haliwezi kufanya kazi kama uchochoro wa nyuma umejaa magari na bomba la kupandisha maji ghorofani limeota kutu. Tembea ngazi zote kwa miguu, kutoka juu hadi chini. Angalia kama milango ya ngazi inafunguka, kama mitungi ya kuzimia moto ina tarehe ya ukaguzi isiyopita mwaka, na kama kuna ngazi ya pili. Gesi ya kupikia iwe kwenye kibanda cha nje chenye mitungi mikubwa na mita, si mitungi ya kilo 15 inayopandishwa kwa lifti ya abiria.

Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na Upanga, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo lingine likaporomoka Kariakoo. Kwa hiyo kuuliza kibali cha ujenzi si ukorofi. Kibali cha Halmashauri ya Jiji kinataja idadi ya ghorofa. Simama nje, hesabu, linganisha. Muulize meneja majina ya mhandisi na mkandarasi yaliyokuwa kwenye bango la ujenzi, na uhakikishe wamesajiliwa kwenye bodi zao. Na ukiona jirani wa chini anabomoa ukuta ili kupanua sebule, piga simu kwa mhandisi siku hiyo hiyo.

Basementi na mvua

Ardhi ya Upanga ni ya mchanga na maji ya chini yako karibu. Basementi ya magari inaishi kwa pampu ya kunyonya maji iliyo kwenye shimo dogo pembeni. Pampu hiyo ikiwa haipo kwenye laini ya jenereta, mvua kubwa ya masika ikikata umeme, magari yanaogelea. Hili ni swali la dakika moja na linaokoa injini. Angalia kuta za basementi kwa mstari wa maji wa zamani, rangi iliyobadilika kwa usawa mmoja kuzunguka chumba chote. Pima pia kimo cha mlango wa kuingilia ikiwa una gari refu lenye keria, maana nyingi zina mita mbili na kidogo. Nafasi moja ya gari kwa fleti ndiyo desturi, na ya pili hulipiwa kivyake. Mwenye magari matatu Upanga hapamfai.

Upanga Magharibi, kuelekea Jangwani, ardhi inashuka kwenye bonde la Msimbazi. Epuka mitaa ya chini kabisa, au itembelee Aprili mvua ikinyesha. Mto ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mwendokasi wa kwenda Magomeni, Ubungo na Kimara unasimama.

Majitaka nayo yaangaliwe. Mabomba ya katikati ya jiji yalitandazwa kiwanja kimoja kikiwa na familia moja au mbili, na leo kiwanja hicho hicho kina fleti 40. Nusa chemba za mbele ya jengo saa mbili asubuhi, wakati kila mtu ameshaoga. Zikiwa zinachuruzika, fleti za ghorofa ya kwanza zitarudishiwa maji machafu bafuni siku moja.

Joto, upepo, mandhari

Kuhusu mwelekeo, kanuni ni rahisi: kioo kikubwa kinachotazama magharibi ni tanuri la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni. Fleti ya kona yenye madirisha pande mbili, ikipokea kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia Desemba, inakuwezesha kulala bila AC kwa miezi ya Juni hadi Agosti. Madirisha ya slaidi ya alminiamu hufunguka nusu tu, kwa hiyo upepo unaopita ni nusu ya kioo unachokiona. Ghorofa ya mwisho chini ya zege la paa hupata joto la usiku na, paa likikosa kuzuiwa maji vizuri, madoa ya kahawia kwenye jipsamu. Gusa dari ya bafu na kona za kabati. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya chumba imefunika kitu.

Hewa ya chumvi inakula mashine za nje za AC. Majengo ya upande wa Seaview na Aga Khan yanahitaji kusafishiwa AC kila miezi mitatu. Ukipitisha mwaka, mabomba ya shaba yanaanza kuvuja gesi.

Mandhari ya bahari yanauzwa ghali, nami nayaona kama kitu cha kukodisha. Ukiona kati yako na maji kuna nyumba ya zamani ya ghorofa moja yenye mwembe, hapo litapanda ghorofa jingine, na nafasi kati ya majengo Upanga ni ndogo kiasi cha kusikia jirani akikohoa. Lipia mandhari kama mbele yako kuna viwanja vya Gymkhana au barabara pana. Vinginevyo chukua fleti ya nyuma iliyo kimya na ubaki na tofauti ya kodi.

Bwawa la kuogelea la paani na jimu navipa uzito mdogo makusudi. Bwawa dogo la juu hupata joto, linahitaji klorini kila siku, na uzito na unyevu wake uko juu ya vyumba vya watu. Jimu yenye mashine nne ni nzuri ikiwa mashine zote nne zinafanya kazi. Jengo likikosa fedha, hivyo viwili ndivyo hufungwa kwanza, huku sevisi chaji ikibaki ile ile.

Kodi, sevisi chaji na hati

Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Bado kuna madalali wanaotaja dola kwa mdomo. Mkataba uandikwe kwa shilingi, na usikubali kifungu kinachosema kodi itabadilika kufuata dola. Dalali kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja. Hela ya kuonyeshwa nyumba ni jambo la mapatano, na haipaswi kulipwa mara mbili kwa jengo moja.

Sevisi chaji inayoeleweka imechambuliwa: ulinzi, usafi, lifti, pampu, dizeli, bima ya jengo, taka, na mfuko wa akiba. Huo mfuko wa akiba ndio unaosahaulika. Lifti, pampu na rangi ya nje vina umri wake, na jengo lisiloweka akiba litakuja kuwadai wakazi mamilioni kwa mkupuo mwaka wa nane au wa kumi. Omba hesabu za mwaka uliopita. Sevisi chaji ndogo kupita kiasi inanitisha kuliko kubwa.

Kwa mnunuzi, sheria ya kuijua ni Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. Inakuwezesha kupata hati ya fleti yako mwenyewe pamoja na fungu lako kwenye maeneo ya pamoja, na inawapa wamiliki chombo chao cha kusimamia jengo. Tatizo ni majengo yaliyouzwa fleti zote wakati hati bado ni moja ya kiwanja kizima. Mnunuzi anabaki na mkataba wa mauzo tu, benki haimkopeshi kwa urahisi, na mwekezaji anaendelea kuwa meneja anayejikagua mwenyewe. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati kabla ya kulipa chochote. Angalia miaka iliyobaki, maana hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na angalia kama kiwanja kimewekwa rehani. Hati ya fleti ikiwa haijatoka, shikilia sehemu ya bei hadi itoke, na kifungu hicho kiandikwe na wakili wako, si wakili wa muuzaji.

Ningewashauri wafanyakazi wa Muhimbili na Posta, wazazi wenye watoto kwenye shule za hapo, na wazee wanaohitaji hospitali karibu wahamie Upanga bila kusita, wakishapata jengo lenye maji na jenereta la uhakika. Anayetaka bustani, kimya cha mchana na magari mengi aende nje ya mji. Asubuhi mitaa ya shule hujaa, ving'ora vya magari ya wagonjwa vipo usiku na mchana, na karibu na Diamond Jubilee shughuli za harusi huziba barabara mwishoni mwa wiki.

Siku ya kukabidhiwa, nenda na mwenye nyumba au wakala wake chumba kwa chumba. Washa kila AC kwa dakika kumi na tano, fungua mabomba yote kwa wakati mmoja, vuta maji vyoo vyote, jaribu hita, soketi na intakomu ya getini. Piga picha zenye tarehe, kasoro ziandikwe na kusainiwa pande zote mbili, pamoja na siku ambayo kila moja itakuwa imetengenezwa. Namba ya mita ya LUKU, usomaji wa mita ya maji na madeni yaliyopo viingie kwenye karatasi hiyo hiyo. Hakikisha kifungu cha amana kinataja siku ngapi baada ya kuhama utarudishiwa na makato gani yanaruhusiwa. Kisha kajitambulishe ofisi ya serikali ya mtaa, uweke miadi ya lifti ya mizigo, na uhamishe vyombo kabla ya saa kumi, muda ambao shule zimeshatoa watoto na foleni ya jioni ya Barabara ya Umoja wa Mataifa bado haijakaza.